Mama alipata kiharusi, mwili umerudi ila kichwa kimebadilika. Ni uzee?

Kifungua Mimba

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Naombeni uzoefu, hasa kwa wanaouguza wazazi au wanaofanya kazi za hospitali.

Mama yangu ana miaka 71. Mwaka jana alipata kiharusi: upande wa kulia ukalegea, mdomo ukaenda upande, maneno yakawa hayaeleweki. Tulimuwahisha, akalazwa, akatoka. Mkono umerudi karibu wote, anatembea mwenyewe, anaongea vizuri. Kila anayekuja kumjulia hali anasema tumshukuru Mungu, bi mkubwa amepona.

Kinachonisumbua ni hiki. Mama ni fundi cherehani, kazi hiyo anaifanya toka mimi sijazaliwa. Juzi kati alitaka kumshonea mjukuu gauni, kitu ambacho zamani alikuwa anakimaliza huku anapiga soga. Akatandaza kitambaa mezani, akachukua chaki, akakaa nayo. Akaiweka, akashika mkasi. Akauweka mkasi, akachukua tepu, akapima upande mmoja, akaandika namba, kisha akapima tena upande uleule. Mkono hautetemeki, macho anaona. Nikamuuliza, "Mama, vipi?" Akanijibu, "Gauni nalijua, linaanzia wapi ndiyo sijui." Akakikunja kitambaa vizuri kabisa, akakirudisha kabatini.

Ajabu ni kwamba kumbukumbu anayo. Wajukuu wote anawataja kwa majina, nani kazaliwa lini, nani anamdai nani. Ila amekuwa mzito. Ukimuuliza kitu jibu linakuja, tena la kweli, lakini unaweza kudhani hajakusikia. Hagombani na mtu, hachangamki pia. Akikaa amekaa. Hatua zake zimekuwa fupi, kama anaburuza miguu, na usiku anaamka mara kwa mara kwenda haja ndogo.

Mdogo wangu anasema ni uzee. Dada anasema ni huzuni. Presha anayo miaka mingi, vidonge anameza siku akijisikia vibaya. Je, kiharusi kinaweza kugusa akili baada ya mwili kupona? Na hali hii inaendelea au inasimama?

Mti Mkavu

Mkuu, 71 si mchezo. Hata gari likizeeka haliwaki kwa mara moja. Mpe muda, mwache apumzike, hayo ya kushona wafanye vijana.

Sista wa Zamu

Naomba nitofautiane na Mti Mkavu. Uzee unapunguza kasi, unakusahaulisha jina la mtu halafu unalikumbuka ukiwa kitandani. Haumfanyi fundi wa miaka yote hiyo asijue gauni linaanzia wapi. Nimekaa wodi ya wagonjwa wa kiharusi muda mrefu, na simulizi kama yako huwa naisikia siku ya kliniki, mgonjwa akishatoka nje, ndugu anabaki mlangoni na kusema, "Sista, kuna kitu kingine."

Tunakosea kudhani kwamba dimensia, yaani ugonjwa wa akili kudhoofika hadi mtu ashindwe na mambo ya kila siku, lazima ianze na kusahau. Inayoanza hivyo mara nyingi ni Alzheimer, nayo ndiyo inayoongoza: Shirika la Afya Duniani linaihesabia asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa wote. Lakini kuna inayotokana na mishipa ya damu, na hiyo aghalabu hugonga kwanza uwezo wa kupanga, kuanzisha jambo, kulifuata hatua kwa hatua, na mwendo wa kufikiri. Mtu anakumbuka harusi ya mwaka fulani na nani alivaa nini, ila kazi yenye hatua sita inamshinda kwenye ya pili. Na wengi wanazo zote mbili kwa pamoja, ndiyo maana usitegemee jibu la moja kwa moja siku ya kwanza.

Kwa nini iwe hivyo? Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, ila unakula karibu moja ya tano ya oksijeni yote. Ndani kabisa unalishwa na mishipa myembamba inayochomoza moja kwa moja kutoka kwenye mikubwa. Presha ikikaa juu miaka na miaka, kuta za mishipa hiyo zinakuwa nene na ngumu, njia inabana. Eneo linalolishwa nayo ndilo lenye nyuzi zinazounganisha sehemu ya mbele ya ubongo na sehemu nyingine. Fikiria nyumba ambayo taa zote ni nzima ila nyaya zimeliwa na panya. Kumbukumbu ya mama yako ipo, njia ya kuifikia na kuipanga ndiyo imeharibika. Na si lazima kiharusi kionekane kwa macho. Ukiwapiga MRI, ile picha ya ndani ya ubongo, wazee wanaojiona wazima, karibu mmoja kati ya watano atakutwa na kovu la kiharusi ambacho hakuwahi kukijua.

Kuhusu kuendelea: mwaka 2009 Sarah Pendlebury na Peter Rothwell wa Oxford walikusanya tafiti nyingi za wagonjwa wa kiharusi. Karibu mmoja kati ya kumi alikuwa tayari na dimensia kabla hata ya kiharusi cha kwanza. Mwingine mmoja kati ya kumi aliipata muda mfupi baada ya hicho cha kwanza. Waliopata kiharusi tena, zaidi ya theluthi walikuwa nayo. Hiyo namba ya mwisho ndiyo ninayotaka uikariri, maana inakuonyesha pa kuweka nguvu. Kilichoungua hatuna dawa ya kukirudisha. Kiharusi kinachofuata tunaweza kukizuia.

Sasa vidonge vya presha. "Akijisikia vibaya" ndiyo sentensi iliyonikalisha chini. Presha haina dalili. Siku anayojisikia mzima ndiyo siku inayokwangua mishipa kimyakimya. Kuna utafiti mkubwa Marekani, SPRINT MIND, majibu yake yalitoka 2019, ulikuwa na washiriki zaidi ya 9,000. Kundi moja namba ya juu ya presha ilishushwa chini ya 120, jingine chini ya 140. Waliobanwa zaidi walipungua katika kupata ule udhaifu mdogo wa akili unaotangulia dimensia. Kwa dimensia kamili tofauti haikutosha kuthibitisha kitu, utafiti wenyewe ulikatishwa mapema. Usichukue hiyo 120 ukamlazimishia mama. Mzee akishushwa sana anasimama kizunguzungu, anaanguka, anavunja nyonga. Mwambie daktari ampime akiwa amekaa, kisha akiwa amesimama, na lengo lake apangiwe yeye.

Mpelekeeni daktari haya, tena kwa karatasi, maana mkifika pale mtasahau:

Hatua fupi, mkojo na uzito wa kufikiri vikija pamoja, mishipa midogo inaweza kuvieleza vyote. Ila kuna hali nyingine yenye mambo hayohayo matatu, maji kujaa kwenye vyumba vya ubongo, na hiyo baadhi ya watu husaidika kwa kuwekewa mrija wa kuyapunguza. Picha ya kichwa ndiyo inayoanza kuzitenganisha. Msikubali kuambiwa "ni kiharusi kile kile" bila mtu kuitazama picha hiyo kwa jicho hilo.

Dada yako naye hajakosea kabisa. Sonona baada ya kiharusi ni jambo la kawaida sana, na inatibika. Ila ukimya wa mama yako unaweza pia kuwa ule wa kukosa msukumo: mtu hana huzuni, hana tu kile kinachomnyanyua. Muulizeni kama analia, kama anaona maisha hayana maana. Majibu yatawapa mwanga.

Waombe wapime damu: vitamini B12, tezi ya shingo, chumvi ya damu, sukari. Wataje dawa zote, pamoja na za usingizi, za mzio na za kuzuia mkojo ambazo mtu kanunua mwenyewe. Kadhaa kati ya hizo huchanganya wazee akili. Asikilizwe moyo pia. Mapigo yasiyo na mpangilio yanaongeza uwezekano wa kiharusi kama mara tano, na yana dawa yake.

Jambo la mwisho halafu niende zamu. Kipimo cha maswali kilichozoeleka zaidi kinauliza leo tarehe ngapi, tuko wapi, rudia maneno matatu. Mama yako anaweza kukipita vizuri mkarudishwa nyumbani. Ombeni kinachoitwa MoCA, alichokitoa Ziad Nasreddine wa Kanada na wenzake mwaka 2005. Ndani yake mtu anachora saa, anaunganisha namba na herufi kwa zamu. Nimeona mzee mwalimu mstaafu akichora duara safi, akazipanga namba zote kumi na mbili upande wa kulia tu, kisha akanikabidhi karatasi kwa fahari.

Mlezi wa Baba

Sista kamaliza ya kitabibu, mimi niongeze ya nyumbani maana baba yangu nimekuwa naye katika hali hii kwa miaka.

Kifungua Mimba, kwa baba haikushuka kama mteremko. Ilishuka kama ngazi. Miezi anakuwa vilevile, mnazoea, mnajua anachoweza na asichoweza. Halafu asubuhi moja anaamka ameshuka daraja, hajui kufunga vifungo vya shati alilovaa jana. Mkiona hivyo, muwahisheni siku hiyohiyo, msisubiri ya kliniki. Huenda ni kiharusi kingine. Na isipokuwa kiharusi, huenda ni maambukizi. Baba aliwahi kuchanganyikiwa ghafla, anaongea na ukuta, tukajua sasa basi. Kumbe mkojo ulikuwa na maambukizi, akapewa dawa, akarudi alipokuwa. Mabadiliko ya ghafla kwa mzee usiyaite dimensia kabla hajapimwa.

Jingine ambalo hakuna aliyetuandaa nalo ni machozi. Baba alikuwa mtu mkavu, hata msibani hatukumwona akilia. Sasa mtu akimsalimia tu analia, dakika hiyohiyo anacheka. Tulimbembeleza sana mwanzoni tukidhani kuna linalomuumiza. Tulipoelezwa kwamba kiharusi kinaweza kukata breki ya hisia, tuliacha kumkodolea macho. Tunaendelea na mazungumzo, naye anatulia upesi zaidi.

Kuhusu cherehani, msiitoe. Hapo Mti Mkavu mimi sikubaliani naye. Kupanga ni kazi moja, mikono kujua ni kazi nyingine, na mara nyingi mikono hubaki. Mtu mwingine achore na kukata, mama apewe vipande vilivyokwisha pangwa, mshono mmoja kwa wakati mmoja. Msimpe gauni zima. Maswali nayo yawe mafupi: badala ya "Mama leo unataka kufanya nini?" muulize "Tuanze na mkono au kola?" Kisha nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu. Mimi nilikuwa namjibia baba kabla hajafungua mdomo, halafu nasema haongei.

Kifungua Mimba

Sista na Mlezi, Mungu awabariki. Nimewasomea wadogo zangu yote. Miadi tumepata, na vidonge kuanzia sasa nasimamia mimi mwenyewe asubuhi.

Swali moja limebaki. Mdogo wangu kanunua aspirini, anasema inasafisha mishipa, tumpe moja kila siku kuanzia leo wakati tunasubiri. Kuna jamaa mwingine kamwambia kuna dawa mpya za sindano za dimensia. Mnasemaje?

Sista wa Zamu

Hiyo aspirini iwekeni kabatini kwanza. Kiharusi kingi ni cha mshipa kuziba, lakini sehemu isiyo ndogo ni cha mshipa kupasuka. Dawa inayomkinga wa kwanza inaweza kumtoa damu wa pili. Angalieni karatasi aliyotoka nayo hospitali: imeandikwa kimoja kati ya hivyo viwili, na kama alipaswa kuwa kwenye aspirini au dawa ya aina hiyo itakuwa imeandikwa pia. Ikiwa imeandikwa na aliiacha, pigieni kliniki leo. Ikiwa haimo, msianzishe wenyewe.

Na mdogo wako mwenyewe asianze kuimeza ili akili isichoke mbeleni. Walishajaribu. Utafiti wa ASPREE wa Australia na Marekani, uliotoka 2018, uliwapa wazee wazima zaidi ya 19,000 aspirini ndogo au kidonge kisicho na dawa. Dimensia haikupungua, kutokwa damu kukaongezeka.

Sindano mpya zinalenga Alzheimer, zinaondoa protini inayojikusanya ubongoni, na madhara yake mojawapo ni ubongo kuvimba au kuvuja damu. Mtu mwenye mishipa kama ya mama si wa kukimbilia huko. Vile vidonge vya zamani vya Alzheimer kama donepezili daktari anaweza kuvijaribu akiona hali ni mchanganyiko, faida yake huwa ndogo.

Mkienda kwenye miadi chukueni vidonge vyote kwenye mfuko, hata vilivyokwisha muda, na mashine ya presha kama mnayo, muilinganishe na ya kliniki.