Kitabu cha picha kuhusu ukungu wa baharini: tusome kwanza, tusimame kila ukurasa, au tuanze na picha tupu?

MamaKusoma
Habari zenu wanajamvi. Nasoma na kikundi cha watoto wa miaka 4 hadi 7. Kitabu tulicho nacho sasa ni cha picha, kinahusu ukungu unaoingia kutoka baharini na kufunika ufuo mzima: mashua zinapotea moja moja, mnara wa taa unabaki kivuli, mwishowe jua linarudi. Maneno ni machache, sentensi moja au mbili kwa ukurasa. Nina njia tatu: (a) kusoma mwanzo hadi mwisho bila kukatiza, maongezi baadaye, (b) kusimama kila ukurasa na kuuliza, (c) kupitia picha zote kwanza bila kusoma neno. Wenye uzoefu mnanishauri nini?

MwalimuWaAwali
Kwa kitabu cha aina hii, (c) bila kusita. Mchoraji anaficha vitu makusudi, na mtoto akishasomewa kwamba mashua haionekani, hana tena sababu ya kuitafuta. Waache watafute. Uliza, "Ukurasa uliopita hapa palikuwa na nini?" kisha nyamaza. Nyamaza kwelikweli, maana sisi watu wazima tuna haraka ya kujibu maswali yetu wenyewe. Mtoto atarudi ukurasa wa nyuma mwenyewe, aweke kidole pale ilipokuwa mashua, afunue tena mbele na kidole kikiwa palepale. Hapo ameshaelewa kwamba kitu kisichoonekana bado kipo, na hilo ndilo jambo kubwa kitabuni humo.

Babu Msimulizi
Mwalimu, nakuheshimu, ila mimi nashika (a). Ukungu huingia taratibu, na mwandishi mzuri hupanga sentensi zake ziende taratibu hivyohivyo. Ukikatizakatiza, mwendo huo unapotea. Tena mtoto wa miaka 4 anataka kwanza kujua kama watu waliomo kitabuni watarudi salama. Mpe jibu hilo, moyo utulie, halafu muulize mnayotaka kumuuliza siku nyingine.

Mdadisi
Niitetee (b) kidogo. Mwaka 1988 mwanasaikolojia Grover Whitehurst na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wazazi waliofundishwa kuuliza maswali yasiyojibika kwa neno moja na kuyapanua majibu ya watoto. Watoto wao walipiga hatua katika kujieleza kuliko wale waliosomewa kwa namna ya kawaida. Kwa hiyo kusimama si kosa, shida ni swali unalouliza. "Hii ni rangi gani?" utajibiwa "kijivu," basi, maongezi yamekufa. "Nahodha atajuaje nchi kavu iko wapi?" hapo wataongea. Mmoja akisema "atasikia," mwongezee: "Ndiyo, atasikia honi kabla hajaona taa." Ila kila ukurasa ni mno. Chagua kurasa tatu au nne.

Sauti ya Honi
Hapo kwenye honi msipapite haraka! Honi ya kwanza ya ukungu iliyoendeshwa kwa mvuke ilifungwa mwaka 1859 kwenye kisiwa cha Partridge, New Brunswick, Kanada, kwa ubunifu wa Robert Foulis. Na meli zina lugha yake hadi leo. Kwa kanuni za kimataifa za mwaka 1972 za kuzuia migongano baharini, meli ya injini inayosonga ndani ya ukungu hupiga mlio mmoja mrefu, wa sekunde 4 hadi 6, na hairuhusiwi kukaa zaidi ya dakika 2 bila kurudia. Ikiwa imezima mwendo lakini haijatia nanga, hupiga milio miwili mirefu. Wafundishe watoto milio hiyo, wafumbe macho, mmoja apige, wengine waseme meli inakwenda au imesimama. Baada ya hapo ukurasa mweupe mtupu hauwi mtupu tena.

MamaKusoma
Hii ya honi naichukua. Sasa wakiuliza ukungu unatoka wapi? Kuna lile jaribio la chupa ya kioo yenye maji moto na barafu juu ya mdomo wake. Nilifanye kabla ya kitabu au baada?

Fundi Mawingu
Baada, na maji moto uyamimine wewe. Lakini jua kwamba chupa ile haionyeshi hasa ukungu wa kitabu chenu. Kwenye chupa, mvuke wa maji moto unapanda na kukutana na baridi ya juu. Baharini mara nyingi ni kinyume: hewa yenye joto na unyevu inapita juu ya maji baridi, inapoa kwa chini, na mvuke wake unageuka vitone vidogo mno vinavyoelea. Ni wingu lililolala juu ya maji. Kioo kilichotoka kwenye friji kinakaribia ukweli zaidi: mtoto akikipulizia pumzi, kinafifia papo hapo.

Ukitaka waelewe kwa nini mashua ya mbali hupotea kabla ya ya karibu, tafuta karatasi nyembamba zinazopitisha mwanga. Weka moja juu ya picha ya mashua: rangi zinafifia. Mbili: unabaki mlingoti na umbo tu. Ongeza nyingine hadi isionekane kabisa. Kitu kikiwa mbali, ukungu mwingi zaidi unakaa kati yako na chenyewe.

MwalimuWaAwali
Karatasi hizo naziunga mkono kuliko chupa. Zinafanyika palepale juu ya kitabu, bila kumtoa mtoto kwenye hadithi. Babu, kwa wa miaka 4 nakubali uwasomee kwanza mfululizo. Wa miaka 6 na 7 nawaachia picha.

Babu Msimulizi
Hapo tumeelewana, Mwalimu. Na wale wadogo wapewe wao kazi ya kuziondoa karatasi, si kuziweka.