Mrejesho: ramani bila mtandao, Mto wa Mbu hadi Ziwa Natron

Wakuu, niliwauliza kama ninunue kifaa cha GPS cha Garmin au simu yenye ramani za kupakua inatosha kwa njia ya Mto wa Mbu hadi Ziwa Natron. Tumerudi salama, ahsanteni sana.

Nilianza na simu kama mlivyoshauri: programu za OsmAnd na Organic Maps, zote za data ya OpenStreetMap, ramani huria inayochorwa na watu wa kujitolea. Ramani ya Tanzania niliipakua nikiwa Arusha. Mbele ya Engaruka mtandao ulikata kabisa, lakini alama yetu iliendelea kutembea kwenye ramani, maana simu inapokea mawimbi ya setilaiti moja kwa moja, bila bando.

Kilichotutesa ni joto. Simu niliibandika kwenye dashibodi. Saa saba mchana ikachemka, ikajizima. Tukahamia ya mke wangu, akaishika mapajani, kivulini, hadi mwisho.

Halafu makorongo. Karibu na mlima Oldoinyo Lengai ramani ilituonyesha njia inavuka moja kwa moja, kumbe maji yameshamega ukingo, kimo cha mtu mzima. Kijana wa Kimaasai aliyekuwa na mbuzi wake ndiye aliyetuonyesha pa kuvukia, juu zaidi. Mungu ambariki.

Garmin nitainunua, nitie na ramani za Tracks4Africa, zile za njia za Afrika. Simu ibaki ya akiba. Njia tuliyopita nimeirekodi kwa GPX (faili la njia linalofunguka kwenye programu za ramani), kivuko kile kikiwemo. Anayeitaka aseme nimtumie.