Baba mdogo homa miezi minne, sasa wanasema valvu ya moyo ina bakteria wa ng'ombe??

Mtoto_wa_Hanang: Wadau habari za jioni, naomba msaada wa mawazo. Baba mdogo ni mfugaji, ana homa ya kwenda na kurudi toka miezi minne, jasho la usiku, mgongo, kakonda balaa. Malaria hamna, wakampa dawa za taifodi, ikarudi, wakasema UTI sugu (kama kawaida yao), ikarudi tena. Juzi akaanza kuhema akapigwa eko (ultrasaundi ya moyo), kuna kinyama kimeota kwenye valvu ya aota, ule mshipa mkubwa unaotoka moyoni, kinachezacheza. Wameotesha damu maabara kutafuta bakteria mara mbili, haijaota kitu. Dokta mpya ndo akauliza kama anakunywa maziwa mabichi, basi akasema anashuku brusela, hao bakteria wa ng'ombe. Hii kitu inatibika?

labu_usiku: Pole mkuu. Kutoota sio kwamba bakteria hamna, hizo antibayotiki alizobugia miezi yote zinaficha wadudu, na brusela mwenyewe mvivu kuota. Yupo na bakteria wa homa ya Q, huyo kwenye chupa za kawaida haoti kabisa na anakaa kwenye mbuzi na ng'ombe pia, ulizeni wapimwe kingamwili za wote wawili maana dawa hazifanani, homa ya Q ya valvu ni doksi (antibayotiki ya doksisaiklini) na dawa ya haidroksiklorokwini miezi 18 au zaidi. Halafu PLIZ waambieni watu wa maabara mnashuku brusela, sie tunaambukizwa kwa kuvuta hewa tu ukifungua sampuli vibaya.

Mama Neema: Mume wangu ilikuwa brusela hiyohiyo. Doksi na rifampisini miezi mitano, na sindano za jenta (antibayotiki ya jentamaisini) wiki za mwanzo, hapo wakawa wanampima figo. Rifampisini inageuza mkojo rangi ya chungwa msishtuke, majirani walishatangaza ana TB. Ila dawa peke yake haikutosha, valvu ilishaliwa, ikabidi afunguliwe kifua Dar wakamwekea valvu ya chuma. Msisubiri miguu ivimbe ndo muulize habari ya upasuaji

labu_usiku: Na akiwekewa ya chuma atakula wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, sasa rifampisini inaipunguza nguvu, damu inaweza kuganda kwenye valvu. Siku akiacha rifampisini kipimo cha INR (kinaonyesha damu inachelewa kuganda kiasi gani) kinapanda anaweza kutoka damu. Kipindi hicho apimwe mara kwa mara.

Mtoto_wa_Hanang: Asanteni sana, kesho namwambia dokta yote. Sasa kuna mtamba pale boma katupa mimba mara mbili na watoto bado wanakunywa maziwa ya zizi hilo

Mama Neema: Weee! Chemsheni kuanzia leo hiihii, muite daktari wa mifugo, na akitupa tena msishike kondo kwa mikono mitupu. Watoto wakiwa na homa wapimwe nao