Mjadala: Je, mitaala ya sarufi ya Kiingereza kutoka Marekani inawafaa watoto wetu tunaowasomesha nyumbani?

Mwanzisha mada, mama wa watoto watatu, Nakuru

Wazazi wenzangu, naomba tulijadili jambo hili bila ushabiki wa wachapishaji. Kwa sisi tunaosomesha watoto nyumbani, hisabati haitusumbui sana, kwa kuwa saba mara nane ni hamsini na sita popote uendako. Kinachotutoa jasho ni sarufi na uandishi wa Kiingereza, kwa sababu vitabu vingi tunavyoagiza vimeandikwa Marekani kwa ajili ya watoto ambao hiyo ndiyo lugha yao ya kwanza.

Mwaka jana niliagiza mtaala wa darasa la nne unaosifiwa sana, wenye kitabu cha mzazi na kitabu cha mazoezi. Wiki sita za mwanzo zilikuwa za kumzuia mtoto asiseme "me and him went", asikanushe mara mbili katika sentensi moja, na asichanganye "lie" na "lay". Binti yangu alipata alama zote, maana hajawahi kumsikia mtu hapa mtaani akisema "me and him went". Ijumaa ya wiki ya sita nikamwambia aniandikie insha fupi kuhusu siku tuliyokwenda kwa nyanya yake. Sentensi ya pili ilisomeka hivi: "My grandmother he was cooking chapati and the baby has slept." Mistari mitatu chini yake akaandika kwamba jioni alikuwa "hearing cold".

Yatazameni makosa hayo kwa makini, kwa sababu hayakutokana na uzembe. Kiambishi "a-" katika "alikuwa anapika" hakijali kama mpishi ni nyanya au babu, kwa hiyo mtoto hana mazoea ya kuchagua kati ya "he" na "she" kila anapofungua kinywa. "Mtoto amelala" kwetu ni hali aliyomo mtoto sasa hivi, ilhali Kiingereza hapo kinataka "is asleep". "Kusikia baridi" hata sihitaji kueleza. Nimekipekua kitabu kile somo kwa somo, na sikuona hata somo moja linalogusa mambo hayo matatu. Vijineno "a" na "the", ambavyo humtesa mwanangu kila siku, vimepewa ukurasa mmoja.

Najua kuna kambi mbili. Ya kwanza inataka sarufi rasmi kila siku: aina za maneno, fasili za kukariri, na ile michoro ya kuchanganua sentensi ambayo Alonzo Reed na Brainerd Kellogg waliieneza Marekani kuanzia mwaka 1877. Ya pili inamfuata Charlotte Mason, mwalimu wa Uingereza aliyefariki mwaka 1923, ambaye alitaka mtoto asomewe vitabu vizuri, asimulie kwa mdomo alichosikia, anakili, aandike imla, na masimulizi ya maandishi yangoje hadi akaribie miaka kumi. Msimamo wangu ni kwamba kambi zote mbili zinabishania kitabu kabla ya kulifungua daftari la mtoto, na daftari ndilo lingepaswa kuchagua mtaala. Anayepinga na apinge kwa hoja.

Baba wa wawili, Kitengela

Dada, napinga, tena kwa heshima. Mimi ni fundi umeme na mke wangu anauza nguo. Hakuna mwalimu ndani ya nyumba hii. Tunatumia mtaala wa Accelerated Christian Education, ulioanzia Texas mwaka 1970, na unatufaa kwa sababu kazi imekatwakatwa katika vijitabu 12 kwa kila somo kwa mwaka. Mtoto anajisomea, anajisahihisha kwa kitabu cha majibu, na hasongi mbele mpaka apate asilimia 80 katika mtihani wa kijitabu. Mwanangu amemaliza vya Kiingereza vya mwaka huu na hakushuka chini ya 90.

Wewe unasema daftari lichague mtaala. Sawa, lakini nani atalisoma hilo daftari? Wewe umeweza kueleza habari ya "-me-" kwa kuwa una jicho hilo. Mzazi asiye na jicho hilo akiachiwa daftari peke yake, atasahihisha nukta na herufi kubwa, kisha atadhani amemaliza. Kitabu kilichopangwa, hata kama kimeandikiwa mtoto wa Texas, ni bora kuliko mzazi anayebahatisha.

Mwalimu mstaafu wa sekondari, Mombasa

Nimefundisha lugha zote mbili kwa miaka mingi, basi mniruhusu niwe mrefu kidogo.

Swali la kama sarufi rasmi humfanya mtoto aandike vizuri zaidi si geni, na majibu ya watafiti hayawapendezi wauzaji wa vitabu vya mazoezi. Mwaka 1963 Braddock na wenzake, katika ripoti yao iliyotolewa Marekani, walihitimisha kwamba kufundisha sarufi rasmi kuna faida ndogo mno katika uandishi, na kwamba kunaweza hata kudhuru kwa kuwa kunakula muda wa kuandika. Mwaka 1976 Elley na wenzake wa New Zealand walichapisha utafiti wa miaka mitatu uliolinganisha wanafunzi waliofundishwa sarufi ya jadi, waliofundishwa sarufi ya mtindo mpya wa wakati huo, na walioachiwa wasome na kuandika tu, na katika uandishi hawakuona tofauti ya maana kati yao. Graham na Perin walipokusanya tafiti nyingi mwaka 2007, sarufi rasmi iliambulia matokeo hasi, ilhali zoezi la kuunganisha sentensi lilipata matokeo mazuri.

Zoezi hilo halihitaji kitabu cha dola. Unamwandikia mtoto sentensi tatu: mvua ilinyesha; barabara iliharibika; matatu haikufika. Unamwambia azifanye moja kwa Kiingereza, kisha azifanye moja kwa namna nyingine, kisha mjadili ipi inasomeka vizuri na kwa nini. Dakika 15 zinatosha, na hapo atakutana na "because", "which" na "so" zikiwa kazini.

Sasa nimgeukie mwanzisha mada, kwa sababu tafiti hizi zina mpaka ambao wengi wanaozinukuu huuruka. Kwa sehemu kubwa zilifanywa kwa watoto wanaokizungumza Kiingereza nyumbani. Mtoto huyo hahitaji kufundishwa "the" inakaa wapi. Sikio lake linajua. Mtoto wa Likoni au wa Nakuru hana sikio hilo, kwa hiyo yeye anahitaji sarufi fulani ifundishwe waziwazi, ila si ile iliyomo katika vitabu hivyo. Hapo nakubaliana nawe kabisa.

Jambo moja tunalolisahau ni kwamba mtoto wetu haji mikono mitupu. Anayejua kwamba kiti kimevunjika na viti vimevunjika tayari anaelewa upatanisho wa kiima na kitenzi kuliko mtoto yeyote wa Chicago. Ile "s" ya "she walks" ni upatanisho wa kimaskini ukilinganisha na ngeli zetu. Mwanzishieni na Kiswahili. Nomino, kitenzi na kiarifu atavielewa kwa siku mbili, kisha avihamishie kule.

Mama wa wanne, Houston

Shikamoo mwalimu. Naomba nilete upande wa pili, kwa kuwa huku hali imepinduka. Watoto wangu wanazungumza Kiingereza cha mtaani kwao, "me and him" hiyo mnayoicheka ndiyo ninayoisikia mezani kila siku, na Kiswahili ndicho kinachowatoka kama maji mkononi. Vitabu ambavyo dada wa Nakuru amevikataa vimenisaidia sana. Tena hapa Texas sarufi si hiari yangu: uamuzi wa mahakama ya juu ya jimbo wa mwaka 1994 unataka anayesomesha nyumbani awe na mtaala wa kusoma, tahajia, sarufi, hisabati na uraia mwema.

Kwa hiyo tusiseme vitabu hivyo ni vibaya. Vimeandikwa kwa ajili ya mtoto fulani, na wangu wamekuwa mtoto huyo, jambo ambalo, niseme ukweli, halinifurahishi kila siku.

Mzazi, Nairobi

Naona tumesahau mtihani. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule, na wanaosomesha nyumbani wanajua utata wake. Wengi wetu tunaishia kuwasajili watoto IGCSE ya Cambridge, yaani mtihani wa kimataifa wa sekondari kutoka Uingereza, kama watahiniwa binafsi, na huko kuna Kiingereza cha lugha ya kwanza, namba 0500, na cha lugha ya pili, namba 0510. Katika 0500 hakuna karatasi ya sarufi. Kuna kusoma na kuna kuandika, basi. Mtoto aliyejaza nafasi wazi kwa miaka sita atakaa mbele ya karatasi tupu atunge habari nzima. Chagueni kwanza mlango atakaotokea, ndipo mchague njia.

Mwanzisha mada

Nashukuru nyote. Mama wa Houston amenirekebisha, na nakiri kichwa cha mada kingesema wazi kwamba naongelea watoto wanaokulia hapa. Kwa kaka wa Kitengela, swali la nani atalisoma daftari ni zito, na sina jibu kamili. Mimi nimefanya hivi: kitabu cha Marekani nimekibakiza kwa alama za uakifishi tu, Jumatatu na Jumatano ni imla na kunakili, siku nyingine ni kuunganisha sentensi, na ukutani kuna karatasi yenye makosa matano ya mwezi yaliyotoka katika insha zake mwenyewe. "He" na "she" imekaa pale miezi miwili sasa. Haijatoka, ila imepungua.

Naomba kitu kimoja, kaka. Mwambie kijana wako, bila kumtayarisha, aandike kwa Kiingereza: "Usipige kelele, mtoto amelala, na mwalimu amesimama mlangoni."

Baba wa wawili, Kitengela

Nimemwita. Ameandika: "Don't make noise, the baby has slept, and teacher has stood at the door." Huyu ndiye wa alama 90.

Nakubali kwamba vijitabu havikumwonyesha jambo hilo. Lakini niseme na langu: hata mimi ningeandika "has slept". Jirani yangu angeandika hivyo, na mwalimu wangu wa zamani alisema hivyo. Kama nchi nzima inasema hivyo na tunaelewana, Mwalimu, hilo ni kosa kweli au ni Kiingereza chetu?

Mwalimu mstaafu wa sekondari, Mombasa

Ukilisema Kitengela, umeeleweka, na sitakusahihisha. Msahihishaji wa Cambridge akilisoma, ataona mtoto aliyekwisha kulala akaamka. Mfundishe kijana zote mbili, na umwambie ipi ni ya nani. Ila "teacher" bila "the" hiyo msahihishe leo.