Kugandisha mbegu za kiume kabla ya kemo (dawa za saratani): siku nne zinatosha?

Nesi_Wodini: Wadau, kijana wa miaka 19 ana limfoma ya Hodgkin (saratani ya tezi za limfu), dripu ya kwanza ya ABVD, kemo yake ya dawa nne, ni Jumatatu. Leo Alhamisi. Tunaweza kugandisha mbegu bila kusogeza tarehe?

Fundi_Maabara: Zinatosha. Atoe Ijumaa, arudie Jumatatu asubuhi kabla hajawekwa dripu. Kawaida tunataka ajizuie kumwaga mbegu siku 2 au 3, ila muda ukibana hata saa 24 tunapokea. Mbegu zikiwa chache msishtuke, Hodgkin yenyewe huzishusha kabla ya dawa yoyote. Siku hizi mbegu moja hudungwa ndani ya yai moja, kwa hiyo hata chache zilizo hai zina kazi.

Kinachoharibu ni vitu vidogo: kondomu ya dukani, mate, mafuta, sabuni. Kikopo kitoke maabara. Akitolea nyumbani, akiweke mfuko wa ndani, karibu na mwili (friji hapana!), kifike ndani ya saa moja. Damu itolewe siku hiyohiyo: VVU, homa ya ini B na C, kaswende. Bila majibu, vijirija vyenye mbegu zake havichanganywi na vya wengine kwenye tangi la nitrojeni.

Bi_Onko: Baada ya ABVD pekee mbegu mara nyingi hurudi. Isiwe sababu ya kuzembea: ugonjwa ukikaidi anahamishiwa dawa kali zenye saiklofosfamaidi au prokabazini, na hapo huenda zisirudi tena. Dripu ikishaanza tumechelewa, DNA ya mbegu inaweza kuwa imeguswa. Mzungumze naye faraghani. Mama akiwa pembeni atakubali kila kitu na asifanye lolote. Na kinga atumie, kemo si uzazi wa mpango.

Nesi_Wodini: Shukrani. Na binti wa 24, saratani ya titi inayolishwa na estrojeni?

Bi_Onko: Huyo tunagandisha mayai: sindano za kuyakuza siku 10 hadi 14, zianze siku yoyote ya mzunguko, pamoja na letrozoli ya kuzuia estrojeni isipande. Mayai yanavunwa kama saa 36 baada ya sindano ya kuyakomaza. Kama kemo haiwezi kusubiri, kipande cha ovari hukatwa kwa laparoskopi (upasuaji wa matundu madogo tumboni) na kugandishwa. Kwa mabinti ambao hawajavunja ungo ndiyo njia iliyopo. Wenye leukemia (saratani ya damu) tunasita kuwarudishia kipande hicho, chembe za ugonjwa zinaweza kuwa zimejificha humo. Goserelini, sindano ya kulaza ovari wakati wa kemo, miligramu 3.6 kila siku 28, ikianza angalau wiki moja kabla ya kemo, ni nyongeza tu. Wagonjwa wasiuziwe kama mbadala wa kugandisha.