Mrejesho: Kibali cha kutafuta kazi Ujerumani baada ya kuhitimu

Wakuu, habari zenu. Niliuliza humu kama mwanafunzi wa kigeni akimaliza masta Ujerumani analazimika kuondoka kibali cha masomo kikiisha, au anaweza kubaki akatafuta kazi. Nimerudi kuwashukuru, mmenisaidia mno.

Niliwasikiliza mliosema niombe kibali cha kutafuta kazi mapema, kabla cha masomo hakijaisha. Nimepewa miezi 18, ndio ukomo wake. Walitaka cheti (chuo kilikuwa bado hakijakitoa, barua ya kuthibitisha kuwa nimemaliza ikakubaliwa), bima ya afya na ushahidi wa pesa za kujikimu. Uzuri wake mkubwa ni kwamba ndani ya muda huo unaruhusiwa kufanya kazi yoyote, hata isiyohusiana na ulichosomea. Kwa sasa napanga mizigo ghalani, na kodi ya chumba inalipika.

Kilichogoma ni kazi ya fani yangu. Ushauri wa kutuma maombi kwa Kiingereza tu haukuzaa matunda kwangu: wengine walinikataa, wengine kimya hadi leo. Mdau aliyesisitiza Kijerumani alikuwa sahihi kabisa. Tangu niandike wasifu kwa Kijerumani nimeanza kuitwa kwenye usaili, ila mkataba bado. Nikiupata nitahamia kibali cha kazi, au Kadi ya Buluu ya Umoja wa Ulaya (kibali cha wataalamu wenye elimu ya juu) kama mshahara utafika kiwango.

Mnaokaribia kuhitimu, anzeni lugha sasa hivi, msisubiri cheti. Asanteni sana.