Tairi likipasuka kwenye barabara ya Sake: kundi lisimame au liendelee?

Mkaaji_wa_Himbi

Ndugu zangu wapenda baiskeli, nawasalimu. Sisi ni kundi dogo ambalo Jumapili asubuhi hutoka Himbi, hapa Goma, hupita Keshero na Mugunga, kisha hufuata barabara ya Sake, mwendo wa kilomita zipatazo 25 kwa kwenda peke yake. Taabu yetu ni matairi. Kila tunapolazimika kushuka pembeni ili kuyapisha malori, tunaingia kwenye kokoto za volkano, na ni nadra turudi nyumbani bila mmoja wetu kupasukiwa. Hapo ugomvi ni uleule: wenye haraka husema mwenye tairi ajitegemee na atawakuta mbele, na wengine husimama wote ukingoni mwa lami, wakamzunguka mwenzao na kumpa mashauri yanayopingana. Ninyi mnafanyaje? Nani asimame, na kila mtu abebe nini? Tena, kwa nini mpira wa ndani uliotoka dukani jana hupasuka upya baada ya mwendo mfupi?

Fundi_wa_Birere

Ndugu, naanza na swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo linalozaa ugomvi wote huo. Mpira mpya hupasuka kwa kuwa kilichoutoboa ule wa kwanza bado kimo ndani ya tairi. Mawe yetu hayajalainishwa na maji kama changarawe za mtoni. Lava ya Nyiragongo, iwe ile ya 2002 au ya 2021, iliganda ikiwa imejaa vitundu, na ikivunjika huacha kingo zinazokata. Kijipande kidogo kikizama kwenye tairi hukioni kwa macho, lakini uzito wa mpandaji ukikilemea, kinaanza kazi yake tena.

Kwa hiyo, kabla ya kutia mpira mwingine, jaza upepo ule uliotoboka, tafuta tundu, kisha lilinganishe na tairi ukianzia kwenye valvu. Mimi hufunga tairi maandishi yake yakiwa yanaelekeana na valvu. Tundu likiwa umbali wa shubiri moja kutoka hapo, najua pa kutazama, na sihitaji kupapasa tairi zima. Tena papasa kwa kitambaa, kwa maana kitanasa pale penye ncha, na vidole vyako vitasalimika. Tundu lenyewe nalo lina habari yake. Likiwa upande wa nje, tafuta jiwe, mwiba au waya. Likiwa upande unaogusa rimu, ama kichwa cha spoku kimechomoza, ama utepe unaofunika vichwa hivyo umesogea, na hapo utabadilisha mipira mpaka jioni bila kufika Sake. Matundu mawili yaliyo sambamba huonyesha kwamba mpira ulibanwa kati ya rimu na jiwe, yaani ulipanda ukiwa na upepo mdogo mno.

Tairi lenyewe likichanika, mpira wa ndani utachungulia na kupasuka kwa kishindo. Weka kipande cha tairi kuukuu kati ya mpira na ule mpasuko. Wapo wanaokunja noti, nayo hufaa ikiwa bado ngumu, sifa ambayo noti ya faranga 500 iliyokwisha kuzunguka soko la Virunga haina. Na mkifika kwa kwado, yaani fundi wa matairi, mwenye mashine ya kujazia upepo wa magari, mwombeni ajaze kidogo kidogo, maana tairi la baiskeli lina nafasi ndogo ndani na hujaa kupita kiasi kwa muda mfupi sana.

Yaya_wa_Katindo

Fundi amemaliza habari ya tairi. Mimi nizungumze juu ya watu, kwa sababu mara nyingi tundu halimuumizi mtu, ila kinachofuata baada yake. Aliyepasukiwa asifunge breki kwa ghafla. Apaze sauti, ashike usukani wima, apunguze mwendo kwa breki ya gurudumu lililo zima, na atoke upande wa kulia pale tu wenzake wa nyuma wamemsikia. Anayemfuata akiwa ameingiza gurudumu lake la mbele pembeni mwa gurudumu la nyuma la mwenzake, yeye ndiye atakayeanguka, hata kama tairi lake halina neno.

Kuhusu kusimama, naona pande zote mbili za kundi lako zinakosea. Mtu haachwi peke yake, lakini watu wanane pembeni ya lami hawasaidii kitu. Abaki mwenye tairi pamoja na wawili: mmoja wa kumsaidia na mmoja wa kutazama barabara. Wengine waende taratibu hadi mahali palipotajwa kabla ya safari, kwa mfano Mugunga, na wangoje huko. Msisimame kwenye kona wala chini ya mteremko: chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, ikisheheni makaa ina breki moja tu, kipande cha tairi ambacho mwenyewe anakikanyaga kwa mguu juu ya gurudumu la nyuma, na haiwezi kuwakwepa.

Mtu akianguka, msimwinue kwa haraka kwa sababu ya aibu yake. Akiwa hakumbuki alivyoanguka, au anatapika, au anauliza jambo lilelile mara kwa mara, hapandi tena baiskeli siku hiyo, apelekwe hospitali.

Mpanda_Vilima_Bukavu

Yaya, nakubaliana nawe, ila hao wawili wanaobaki hawana faida ikiwa mpira walio nao hauingii. Huku Bukavu tulizoea kuazimana mipira mpaka tulipogundua kwamba nusu yetu tuna valvu nyembamba za milimita 6, na nusu wana valvu nene za milimita 8 kama za gari. Rimu iliyotobolewa kwa valvu nyembamba haipokei valvu nene. Kabla ya kuondoka, tazameni valvu, ukubwa wa magurudumu, na kama pampu iliyopo inafaa kwa wote. Viraka viacheni vya nyumbani: gundi inataka mpira uliosuguliwa na kukauka, kisha dakika kadhaa za kungoja kabla ya kubandika, na mvua ya kwetu haimngoji mtu.

Mkaaji_wa_Himbi

Nawashukuru sana. Jumapili tutakagua valvu kabla ya kutoka. Ila tunaye mwenzetu mmoja ambaye huja kila safari bila chochote, hata pampu hana. Tumfanyeje?

Yaya_wa_Katindo

Mara ya kwanza aazimwe bila maneno, na Jumapili inayofuata alete mpira mpya kwa yule aliyempa wake. Asipouleta, apande mwisho wa msafara akiwa amebeba mfuko wa vifaa vya kundi zima. Mwendo wote utakuwa wa kumngoja yeye, na ataulizwa vifaa hivyo kila tairi litakapopasuka.